Sarafu juu ya barafu

Umeme ulikatika Gungu, mtaa wetu hapa Kigoma, Alhamisi jioni, ukarudi Jumapili watu wakiwa njiani kutoka kanisani. Siku zote hizo Mama hakufungua friza hata mara moja. Aliifunika kwa blanketi mbili na gunia, akaweka na tofali juu ya mfuniko ili watoto wa jirani wanaokuja kuomba maji ya baridi wasijisahau. Ndani kulikuwa na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kilo kama 30, aliowanunua Kibirizi alfajiri ya Jumatano. Ulikuwa wakati wa giza, mitumbwi imerudi imejaa na bei imeshuka. Mama hununua wengi wakati huo ili auze taratibu ikifika mbalamwezi, wavuvi wanapokaa nyumbani.

Jumatatu asubuhi akafungua. Migebuka walikuwa wagumu kama kuni, wameshikana, wana unga mweupe wa barafu mgongoni. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Akabandua watatu kwa kisu, akawaweka kwenye beseni kivulini. Saa sita mchana nilikuwa nimekaa karibu na lile beseni nasoma, harufu ikanifikia kabla sijageuka. Macho ya samaki yalikuwa yameingia ndani, matamvua yamekuwa rangi ya udongo, na ukimbonyeza kwa kidole shimo halirudi.

"Lakini walikuwa wameganda," Mama akasema. Akambonyeza wa pili, kisha wa tatu. "Mwanangu, si wewe unayesomea vitu vilivyoganda? Hebu niambie, samaki anaozaje akiwa barafu?"

Nilikuwa likizo. Kazi yangu ni kuchunguza bakteria wanaoishi kwenye ardhi iliyoganda maelfu ya miaka, katika nchi ambazo Mama anaziona kwenye taarifa ya habari tu. Nimeshaulizwa maswali magumu mbele ya watu wenye vyeo, lakini hakuna lililonikaa kama hilo la beseni. Nikamwambia: Mama, hawakuoza wakiwa barafu. Walioza Jumamosi, friza ilipoishiwa ubaridi. Umeme uliporudi wakaganda tena, pamoja na uozo wao. Barafu ilituficha. Na wale wadudu wanaoozesha, barafu haikuwaua, iliwasimamisha tu.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo hao wadudu wanaipenda baridi?"

Nikajibu hapana, harakaharaka, kama mtu anayejibu jambo dogo. Ila jibu hilo lilinichukua miaka mitano kulipata, na nimeandika makala hii ili nimjibu vizuri zaidi.

Mtu aliyekulia Kigoma hana mahali pa kulishika wazo la ardhi inayoganda. Kwetu ukichimba kisima unakutana na udongo mwekundu, halafu mawe, halafu maji. Hata ziwa halikusaidii. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na huko chini kabisa, kwenye giza lisilo na oksijeni, maji yana nyuzi joto 23 hivi. Ni joto la asubuhi ya kawaida hapa mjini. Barafu yetu Watanzania iko Kilimanjaro, nayo inatuaga: mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi, na mwaka 2000 hazikubaki hata 3. Mwaka huohuo timu ya mtafiti wa barafu Lonnie Thompson ilitoboa barafu ile mpaka chini, ikakadiria kwamba sehemu yake kongwe ina miaka 11,700.

Kaskazini ya dunia, Siberia, Alaska, Kanada, kuna ardhi ambayo haijawahi kuyeyuka tangu kabla mtu hajalima shamba la kwanza. Wataalamu huiita pemafrosti. Ili udongo uitwe hivyo inatosha ukae kwenye sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo, lakini mwingi una umri mkubwa kuliko huo, na unagusa karibu robo ya nchi kavu ya nusu ya kaskazini. Kiangazi chao kikifika, tabaka la juu huyeyuka, majani yanaota, mbu wanajaa. Chini yake pamekaza. Ulikuwa udongo kama udongo mwingine, wenye mizizi, mbegu, kinyesi cha wanyama ambao hawapo tena, na bakteria. Ukaganda na kila kilichokuwemo. Mizizi ilikufa. Wanyama walikufa. Bakteria, si wote.

Aliyeifanya dunia isikilize jambo hili ni Mrusi David Gilichinsky, aliyetoboa nyanda za mto Kolyma, kaskazini-mashariki ya Siberia, mwaka baada ya mwaka, na kugawa sampuli zake kwa maabara za nchi nyingi. Kutoka kwenye udongo wa huko walioteshwa bakteria ambao leo ni maarufu kwetu sisi wa fani hii. Exiguobacterium sibiricum alitoka kwenye tabaka lililoganda kwa miaka kati ya milioni 2 na milioni 3. Psychrobacter arcticus alitoka kwenye udongo wa miaka 20,000 hadi 40,000. Unamtoa, unampa chakula, anagawanyika. Mara ya kwanza kumwona kwenye hadubini nilinyamaza. Nilimkumbuka bibi yangu, ambaye alikuwa akiingia nyumba ya mtu mzima sana hupunguza sauti.

Nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana ndiko nilikojifunza mengi kuliko vitabuni.

Udongo ule hutolewa kwa keekee refu lenye tundu, linalotoka na kipande cha duara kama gogo la muwa. Mitambo mingi ya kuchimba hupozwa na kulainishwa kwa maji au matope, lakini hapa hairuhusiwi, kwa sababu maji yana bakteria wake. Wanatoboa kukavu, polepole, ili chuma kisipate moto. Kipande kinafungwa na kusafirishwa kikiwa kimeganda, mpaka kwenye chumba cha baridi ambako mtu kama mimi anakisubiri amevaa makoti mawili, barakoa na glavu juu ya glavu.

Kipande cha kwanza nilichopewa kilikuwa na urefu wa kiganja. Rangi ya kijivu iliyoiva, na ndani yake mishipa myembamba ya barafu safi, kama mafuta kwenye nyama. Kwenye mshipa mmoja kulikuwa na kipande cha mzizi, kahawia, kimepinda. Unachukua kisu kilichopitishwa motoni, unaanza kukwangua pande zote. Unatupa ulichokwangua, unabadilisha kisu, unakwangua tena. Unatafuta moyo wa kile kipande, sehemu ambayo keekee halikuigusa. Vumbi lake likiyeyuka kwenye glavu linanuka: zizi la ng'ombe baada ya mvua, pamoja na kitu kichungu nyuma yake. Hiyo ni harufu ya kitu kilichoanza kuoza kabla ya historia, kikakatishwa, na sasa kinaendelea pale kilipoishia.

Na hapo ndipo penye mtihani. Bakteria wako kila mahali. Wako kwenye keekee, kwenye hewa, kwenye nyusi zangu. Sampuli ya kale ina seli hai chache kuliko jasho la mkono wangu. Ukiotesha kitu, unajuaje kwamba ni cha miaka 30,000 na si cha asubuhi ya leo? Wachimbaji wengine hulipaka keekee bakteria anayejulikana, Serratia marcescens, ambaye ana rangi nyekundu, kisha wanaangalia ameingia ndani kiasi gani. Wengine hupaka vishanga vidogo sana vinavyong'aa chini ya mwanga maalumu. Ukiviona katikati ya kipande, kila ulichopata humo ni cha kutilia shaka.

Mwaka wangu wa pili niliotesha vidoa vya njano. Vilikuwa vizuri, mviringo, vinang'aa, vimekuja baada ya wiki kadhaa kwenye sahani niliyoiacha kwenye nyuzi 4. Nilivipiga picha, nikampigia Mama simu. Nilimwambia nimempata mtu wangu wa kale. Mama akawaambia majirani. Miezi miwili baadaye matokeo ya DNA yakarudi: Micrococcus luteus, bakteria anayeishi kwenye ngozi za watu, na alifanana kabisa na yule tuliyemchukua baadaye kwenye kifundo cha mkono wangu. Palikuwa na upenyo kati ya glavu na koti. Miezi minane ya kazi ilikuwa imetoka kwenye ngozi yangu.

Sikulala usiku ule. Jambo lililoniumiza zaidi lilikuwa urahisi wa kuamini. Kila nilipovitazama vile vidoa niliona nilichokitaka. Msimamizi wangu, mwanamke mpole asiyesema sana, hakunilaumu. Alinipa kipande kingine na kuniambia nianze kwa kupima mikono yangu. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa sampuli yoyote, ninaacha sahani tupu wazi mezani saa nzima. Kinachoota pale ni changu na cha chumba. Nikikikuta tena kwenye sampuli, nakifuta. Nimefuta mengi niliyoyapenda.

Kuna swali la pili, na hili ndilo lililomsumbua Mama pia bila yeye kujua. Hata kama ndani ni safi, unajuaje kwamba udongo huo haujawahi kuyeyuka katikati ukaganda tena? Kama migebuka wale. Ukiutazama leo ni mgumu, mweupe, unaaminika. Kumbe pengine miaka 5,000 iliyopita ulipata joto, maji ya juu yakashuka na vijidudu vipya, kisha baridi ikafunga mlango. Jibu zuri kuliko yote nililowahi kulisoma lilitoka Yukon, Kanada. Huko kuna kabari za barafu, yaani barafu iliyojaza nyufa za ardhi mwaka baada ya mwaka mpaka ikanenepa kama ukuta, na juu yake limelala tabaka la majivu ya volkano. Majivu yana umri unaopimika. Mwaka 2008 Duane Froese na wenzake walionyesha kwamba majivu yaliyofunika kabari moja yana miaka 740,000 hivi. Kama ardhi ile ingewahi kuyeyuka, kabari ingekuwa dimbwi, na majivu yangezama au kutawanyika. Hayakuzama. Barafu iliyo chini yake imekaa hapohapo muda wote huo, na majivu yamekaa juu yake kama shahidi.

Sasa nirudi kwenye kupenda baridi.

Jioni ile nilichukua chupa tatu za plastiki pale jikoni. Ya kwanza nikaweka mawese. Ya pili mafuta ya alizeti yaliyotoka Singida. Ya tatu maji ya moto niliyoyakoroga na chumvi ya Uvinza, nikiongeza na kuongeza mpaka chumvi ikakataa kuyeyuka. Nikaziweka zote kwenye friza, nikamwambia Mama asubuhi tuziangalie.

Kila mtu wa Kigoma anayajua mawese. Yakikaa kwenye chupa miezi ya Juni na Julai, asubuhi unakuta yameshikamana, mpaka uiweke chupa juani ndipo yamiminike. Alizeti haina tabia hiyo. Tofauti iko kwenye umbo la mafuta yenyewe: sehemu kubwa ya mafuta ya mawese ina minyororo iliyonyooka, inapangika kama kuni kwenye mzigo, inashikana upesi. Ya alizeti ina minyororo iliyopinda, haipangiki vizuri, kwa hiyo inabaki ikitiririka. Seli ya bakteria imezungukwa na utando wa mafuta. Utando ukikaza, chakula hakiingii na taka hazitoki, seli inakufa ikiwa nzima. Kwa hiyo bakteria wa ardhi iliyoganda, baridi inapozidi, hubadilisha mafuta ya utando wake, hupunguza yaliyonyooka na kuongeza yaliyopinda. Kwa lugha ya jikoni kwetu, anaondoa mawese anaweka alizeti.

Asubuhi chupa ya mawese ilikuwa jiwe la rangi ya machungwa. Ya alizeti ilikuwa imefifia, nzito kama asali, lakini ukiiinamisha inasogea. Ya chumvi ilikuwa maji. Maji kabisa, yanacheza ndani ya chupa, wakati pembeni yake samaki wamekuwa mawe. Mama aliitikisa sikioni.

Chumvi ya Uvinza inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Wachimbaji wa mambo ya kale wanasema watu wanaichemsha huko tangu karne ya 5 hivi, na kwa karne nyingi ilisafiri na misafara kwenda kila upande. Mama anaijua kwa kukausha samaki. Sikujua kama ningeitumia kumweleza Siberia. Maji yanapoganda huisukuma chumvi pembeni, barafu inabaki safi na maji yaliyosalia yanazidi kuwa machungu. Ndani ya udongo ulioganda, kuizunguka kila chembe ya mchanga, hubaki utando mwembamba wa maji makali ya chumvi ambayo hayajaganda hata kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Bakteria wanaishi humo. Nyumba yao ni unyevu wa unene usioonekana, kati ya punje ya mchanga na ukuta wa barafu, mchungu kuliko bahari. Chakula kinawafikia kwa kiasi kidogo sana.

Huko Kanada, kwenye kisiwa cha Ellesmere, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill wakiongozwa na Lyle Whyte walimpata Planococcus halocryophilus. Jina lake la pili maana yake mpenda chumvi na baridi. Anagawanyika kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, ndani ya maji yenye chumvi asilimia 18. Kugawanyika mara moja kunamchukua siku 50 hivi. Hata kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri bado walimwona anapumua.

Lakini jina lile linapotosha, na hapa ndipo lilipo jibu la Mama. Ukimpa huyohuyo chaguo, anakua vizuri zaidi kwenye nyuzi 25. Psychrobacter arcticus wa Siberia anastawi zaidi kwenye nyuzi 22. Exiguobacterium wa miaka milioni 2 hukua mpaka karibu nyuzi 40. Wapo duniani bakteria wanaoipenda baridi kwelikweli, ambao joto la chumba linawaua, hasa baharini kwenye baridi ya kudumu. Kwenye ardhi ya kale iliyoganda, wengi tunaowaotesha si wa aina hiyo. Nyuzi 22, nyuzi 25: hayo ni majira ya Kigoma. Wangewekwa kwenye ua wetu, chini ya mwembe, wangestawi kuliko walivyowahi kustawi kwao.

Hawaipendi baridi. Wanaiweza.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikuwa naishi mji ambao Desemba jua linachomoza saa nne asubuhi na kuzama saa tisa alasiri. Nilikuwa nimejifunza kuvaa, kutembea kwenye utelezi, kula chakula kisicho na pilipili. Watu wakawa wananiambia nimeshaizoea baridi, kana kwamba nimehamia moyo wangu wote. Nilibadilisha vitu vingi ili niendelee kuwa yuleyule ndani. Sisemi kwamba bakteria ana moyo. Nasema tu nilimwelewa upesi.

Jambo jingine nililolipenda kwenye utafiti huu ni hili. Zamani ilidhaniwa kwamba anayedumu kwenye barafu ni yule anayelala. Wapo bakteria wanaojifunga kwenye ganda gumu, mbegu fulani, na kusimamisha kila kitu. Ungedhani hao ndio washindi wa muda mrefu. Lakini udongo wenyewe una mionzi ya asili, kutoka kwenye potasiamu na madini mengine, kidogokidogo, na kila mwaka inakata nyuzi za DNA hapa na pale. Aliyelala hashoni. Mwaka 2007 Sarah Stewart Johnson, Eske Willerslev na wenzao walichapisha matokeo ya udongo wenye umri hadi miaka nusu milioni na zaidi. Kadiri walivyokwenda nyuma, dalili za wale waliolala zilipotea, na waliobaki na DNA ndefu, nzima, walikuwa wale wanaoendelea kupumua taratibu na kujikarabati. Miaka sita baadaye wengine walimpiga Psychrobacter arcticus mionzi inayolingana na ile ambayo angeipata ardhini kwa miaka 225,000, wakamwacha kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku 505. Huko, akiwa ameganda, aliunganisha nyuzi zilizokatika, chache tu kwa mwaka.

Watu wakisikia kazi yangu huuliza kwanza kuhusu magonjwa. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2016 kule Yamal, Siberia, kiangazi cha joto kali kiliambatana na mlipuko wa kimeta. Renidia, kulungu wanaofugwa huko, zaidi ya 2,000 walikufa na mtoto wa miaka 12 akapoteza maisha. Wafugaji wetu wanakijua kimeta, na wanajua kaburi la ng'ombe aliyekufa nacho halichezewi. Kimeta ni katika wale wenye ganda, na miongo michache kwake si kitu. Lakini wengi wa wale ninaowashika mimi hawana habari na mwili wa binadamu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kingine: mwaka 2011, kwenye udongo wa Yukon wa miaka 30,000, zilikutwa jeni za kuzuia dawa za jamii ya penisilini na tetrasaiklini. Binadamu aligundua penisilini mwaka 1928. Maana yake usugu ulikuwepo tangu zamani ukisubiri nafasi, na sisi tunaonunua vidonge viwili vya kumezea njiani badala ya dozi kamili ndio tunaoupa nafasi hiyo.

Na lipo linalotugusa hapahapa ufukweni. Ardhi ile imehifadhi kaboni tani bilioni 1,500 hivi, karibu mara mbili ya iliyoko hewani. Ikiyeyuka, bakteria wanaanza kula kilichohifadhiwa, na pumzi yao ni kaboni dayoksaidi na methani. Dunia inaongezeka joto. Tanganyika nalo. Ziwa letu linaishi kwa sababu upepo wa kiangazi, Mei mpaka Septemba, huyatikisa maji na kuileta juu rutuba ya chini. Maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, mimea midogo inapungua, dagaa wanapungua. Catherine O'Reilly na wenzake waliandika mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kama asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi 3, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Friza ya Mama ilikaa tupu, akaigeuza kabati la vyombo. Mvuvi mmoja wa Katonga aliniuliza kwa nini serikali inanituma nikaangalie udongo wa Wazungu wakati dagaa wanaisha hapa. Nilikaa naye kwenye ngalawa yake mpaka magharibi nikimchorea kwa kijiti mchangani. Sijui kama nilimshawishi. Alinipa dagaa wa kwenda nao.

Kabla sijaondoka nilimwekea Mama shahidi wake. Nilijaza kikombe cha plastiki maji, nikagandisha, kisha nikaweka juu ya barafu sarafu ya shilingi 200, nikakirudisha kwenye friza, tabaka la juu. Nikamwambia: umeme ukikatika tukiwa hatupo, tukirudi usiangalie samaki, angalia sarafu. Ikiwa juu, hakuna kilichoyeyuka. Ikiwa chini kabisa, barafu yote ilikuwa maji, na hao samaki wasiuzwe hata wakiwa wagumu kama chuma. Sikumwambia habari za Yukon wakati ule. Nilimwambia usiku, akiwa anachambua mchele, naye akataka kujua majivu yale yalikuwa na rangi gani.

Wiki mbili baadaye tulikwenda msibani Kasulu, tukalala siku mbili. Tuliporudi, taa ilikuwa inawaka, friza inaunguruma, lakini jirani akatuambia umeme ulikuwa umekwenda tangu tulipoondoka ukarudi alfajiri. Mama hakuvua hata kanga ya msibani. Alifungua friza, akatoa kikombe, akakimulika kwa tochi ya simu.

Sarafu ilikuwa imenasa katikati, imelala upande, barafu juu yake na barafu chini yake.

"Imezama nusu," akasema.

Akakizungusha kikombe, akaitazama tena kwa chini. Hakuniuliza mimi. Aliinama, akaanza kutoa migebuka wa tabaka la juu mmoja mmoja na kuwaweka kwenye beseni, wa chini akawaacha walipo, akafunga mfuniko.

"Hawa tunakula leo," akasema. "Washa jiko."